Hapana niliyomjibia Mama Mkubwa

Daktari aliuliza huku akiandika. "Amewahi kushtuka usiku pumzi zimembana, asiweze kulala chali?"

Nikajibu mimi.

"Hapana."

Mama Mkubwa alikuwa ameketi katikati yetu, mkoba mapajani, ushungi ameufunga kama aendaye harusini. Alinitazama mara moja. Kisha akageuzia macho kwenye dirisha la wavu, na daktari akahamia swali lililofuata.

Ni sekunde tatu, labda nne. Ilikuwa wiki chache baada ya Idd, joto la kaskazi limeanza kukatika. Sasa kusi inavuma, na sekunde zile bado zinaniamsha.

## Azibuliwe

Mwenye mzee wa presha nyumbani hana haja ya kuelezwa mwanzo wa habari hii. Kadi ya kliniki iliyochakaa pembeni, vidonge kwenye vifuko vya kaki, ugomvi wa kila wiki juu ya chumvi. Kilichobadilika kwa Mama Mkubwa ni kwamba dawa tatu alizozoea zilianza kuelemewa. Daktari akamsikiliza tumboni, juu kidogo ya kitovu, akasikia mvumo wa damu. Ikafuata utrasaundi ya mishipa, kisha picha ya CT huko Dar.

Majibu: ateri, yaani mshipa wa kupeleka damu, ya figo ya kulia imebana kwa asilimia 75, ya kushoto kwa asilimia 60.

Nikapiga picha ile karatasi na kuituma kwenye kundi la ukoo. Kabla ya adhuhuri mjomba aliyeko Muscat alikwishajibu: "Azibuliwe tu. Fedha nitatuma." Wengine wakafuata, kila mmoja na mchango wake, na kila mmoja na neno lile lile. Azibuliwe lini? Wanazibua Dar au hadi nje? Na mimi, mwalimu wa baiolojia ninayechora figo ubaoni kila mwaka, ateri kwa chaki nyekundu na vena kwa ya bluu, nikaandika vivyo hivyo: tunasubiri tarehe ya kuzibuliwa.

Neno lina nguvu. Ukishasema *kuzibua*, umeshaona bomba. Makorora kwetu, hapa Tanga, maji yakikataa kupita sinki la jikoni, anaitwa fundi na waya wake, anasukuma, uchafu unatoka, maji yanakwenda. Hakuna anayemuuliza fundi kama sinki litanufaika.

Kwa hiyo daktari aliposema, "Kwa sasa simpeleki kuwekewa puto la kupanua mshipa," nilihisi kama fundi amefika mlangoni, akatazama maji yaliyotuama, akafunga mkoba wake akaondoka.

## Alichokichora nyuma ya karatasi

Namshukuru kwamba hakutufukuza na jibu fupi. Aligeuza karatasi ya dawa akachora figo mbili na mshipa mkubwa katikati.

Alisema mshipa kubana si ugonjwa wa kutosha wenyewe. Wazee wengi wenye presha ya muda mrefu, kisukari au waliovuta sigara wana mafuta yaliyoganda kwenye ateri zao, za figo zikiwemo, na wengi wanafikia mwisho wao bila mshipa ule kuwadhuru. Swali lake lilikuwa jingine: je, mbano huu ndio unaomtesa mgonjwa huyu? Kwa mtu mwenye presha ya miaka 20, figo inaweza kuwa imechakaa kwa ndani, kwenye vimishipa vidogo ambavyo hakuna puto linalofika. Huko ukipanua mlango mkubwa, vyumba vya ndani vinabaki vilivyo.

Akaniuliza ukubwa wa figo ulioandikwa. Kulia sentimita 9.1, kushoto 10.4. Akatikisa kichwa kuridhika. Figo iliyokwisha kusinyaa hadi chini ya sentimita 7 au 8 kwa kawaida haina cha kuokolewa. Hizi zilikuwa hai. Lakini kreatini yake, ile taka ya damu inayopanda figo zikichoka, ilikuwa haijapanda kwa mwaka mzima, na presha, baada ya kuongezewa dawa ya nne, ilikuwa imerudi kwenye 140 na kitu. "Mtu ambaye dawa zinamtosha," alisema, "nikimwingiza mrija nampa hatari bila kujua nampa faida gani."

Hatari zenyewe alizitaja bila kuzipamba. Mrija ukikwaruza ukuta wa mshipa mkubwa, vipande vya mafuta vinaweza kung'oka vikaenda kuziba figo au vidole vya miguu. Mshipa unaweza kuchanika. Dawa inayochomwa ili mshipa uonekane kwenye picha inaweza kuilemea figo ile ile unayotaka kuiponya.

Kisha ndipo akaanza maswali yake, kalamu mkononi. Miguu inavimba? Kreatini ilipandaje alipoanza losartani, ile dawa ya presha? Amewahi kushtuka usiku?

Hapana.

## Nilisoma nikatulia

Usiku ule nilisoma hadi saa nane. Nilitaka kumkamata daktari kwenye kosa, nasema kweli yangu.

Nilikuta habari ni ndefu kuliko nilivyodhani. Mwaka 1934, Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alibana ateri za figo za mbwa kwa kibanio na presha yao ikapanda. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba figo iliyonyimwa damu inaweza kuupandishia mwili mzima presha; baadaye ikajulikana kwamba hufanya hivyo kwa kuachia renini, kemikali inayoanzisha kupanda huko. Mwaka 1978 Andreas Grüntzig, yule yule aliyeanzisha puto la mishipa ya moyo mjini Zürich, akatoa taarifa ya kupanua ateri ya figo kwa puto. Fikra ilikuwa nyoofu: kibanio kimepandisha presha, basi toa kibanio. Kwa miaka mingi baadaye watu wakapanuliwa mishipa, na stenti, vijibomba vya chuma vya kuuzuia mshipa usibane tena, zikawekwa, kwa imani hiyo.

Halafu wakaamua kupima imani. Utafiti wa ASTRAL, wagonjwa 806, wengi wao Uingereza, ulitoka mwaka 2009: waliopanuliwa mishipa na waliobaki na dawa pekee hawakutofautiana kwa maana yoyote, si kwa figo, si kwa presha, si kwa vifo. Na kati ya waliopanuliwa walikuwepo waliopoteza vidole au mguu, na waliokufa kwa ajili ya kazi yenyewe. Mwaka 2014 ukafuata CORAL wa Marekani, wagonjwa 947. Waliofuatiliwa hadi wakapata kiharusi, shambulio la moyo, kushindwa kwa figo au moyo, au kifo cha sababu hizo, walikuwa asilimia 35.1 upande wa stenti na asilimia 35.8 upande wa dawa.

Nilizirudia namba hizo mara tatu. Nikamwandikia mjomba waraka mrefu, na mjomba, Mungu amjalie, akajibu: "Basi tumsikilize daktari." Fedha akasema zikae.

Nikalala vizuri karibu miezi mitatu.

## Saa tisa usiku

Simu ilikuwa ya mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu anayelala naye nyumba moja.

"Shangazi, njoo. Bibi kama anakufa maji."

Sijui bajaji ilitufikishaje hospitali. Nakumbuka amekaa wima katikati yetu, mikono kwenye magoti, kifua kinachemka kama sufuria, povu jepesi la waridi mdomoni. Alikuwa anatapatapa kwa kukosa hewa na nje upepo wa kusi unavuma wa kutosha kuangusha mabati. Presha ilikuwa 224 kwa 118. Wakampa oksijeni, wakamchoma sindano ya kukamua maji, na dripu ya kushusha presha. Kufikia alfajiri alikuwa anaomba chai.

Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Usiku mtu anazama, asubuhi anaomba chai. Walipompima moyo kwa mashine, moyo ulikuwa unasukuma damu vizuri tu.

Tulikuwa kwenye veranda ya wodi, mjukuu na mimi, tunakula mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, aliposema bila kujua anasema nini:

"Hii ilikuwa kali kuliko ile ya Ramadhani."

## Ile ya Ramadhani

Ilikuwa kumi la mwisho. Daku walikula wali na ng'onda, ule samaki mkavu wa chumvi kali ambao Mama Mkubwa hauwezi kuuacha hata umwambie nini. Kabla ya adhana ya alfajiri akaamka anatweta. Akaburuta kiti hadi dirishani akakaa hadi kulipopambazuka, kichwa kwenye nondo. Mjukuu akadhani ni joto. Mwezi ule nani alikuwa halali dirishani? Yeye mwenyewe akasema ni pumu, kwa kuwa marehemu mama yao alikuwa na pumu. Ikapita. Siku mbili baadaye ikaja tena, nyepesi zaidi. Ikapita.

Hakumwambia mtu. Ila siku ile ya kliniki swali lilipoulizwa, yeye alikuwepo, na jibu alikuwa nalo.

Nilimuuliza alipotoka wodini. Nilimuuliza kwa upole niliouokoteza njia nzima kutoka sokoni: Mama Mkubwa, mbona hukusema?

"Ulikwisha jibu, mwanangu," akasema. "Nikukanushe mbele ya daktari? Nikuvunjie heshima, wewe mwalimu?"

Sijapata kujibiwa neno zito kuliko hilo.

Kwa sababu najua lilikotoka. Sisi huku tunamkinga mzee. Tunambebea faili, tunampangia foleni, tunamsemea. Na daktari naye, mwenye watu 40 nje, humwelekea aliyeshika faili na anayejibu haraka. Mzee anakaa katikati kama mgeni wa heshima kwenye shauri linalomhusu yeye. Akiona mtoto wake amekosea, adabu aliyotulea nayo ndiyo inayomfunga mdomo.

## Kwa nini usiku ule ulibadili kila kitu

Nilirudi kusoma, safari hii si kwa kumtafuta daktari kosa.

Mtu akibanwa mshipa wa figo moja, figo ya pili huwa inamwokoa: presha inapopanda, ile iliyo wazi inakojoa chumvi na maji ya ziada. Zikibanwa zote mbili, zote mbili zinaamini mwili umeishiwa damu. Zinashikilia kila tone la maji na kila punje ya chumvi. Hakuna mlango wa kutokea. Siku presha ikiruka ghafla, au siku ya ng'onda, maji yanasukumwa yanaingia mapafuni, hata kama moyo hauna tatizo la kusukuma. Mwaka 1988 Thomas Pickering na wenzake huko New York waliandika juu ya wagonjwa 11 wa namna hiyo, wenye presha na mishipa ya figo zote imebana, ambao mapafu yao yalijaa maji mara kwa mara. Wengi wao walipofunguliwa mishipa, mafuriko yalikoma. Leo hali hiyo inaitwa kwa jina la Pickering.

Nikaona pia kitu ambacho usiku wa kwanza nilikipita mbio. ASTRAL iliwachukua wagonjwa ambao madaktari wao *hawakuwa na hakika* kama kupanua mshipa kungewafaa. Waliokuwa na hakika kwamba mgonjwa huyu lazima apanuliwe hawakumtoa apigiwe kura ya dawa au puto, walimpanua. Kwa hiyo zile namba nilizomtumia mjomba zilikuwa za kweli, ila zilikuwa za watu wa katikati. Mtu wa pembeni kabisa, yule anayezama saa tisa usiku, hakuwa amehesabiwa sana humo. Madaktari wa Salford, Uingereza, walifuatilia wagonjwa 467 na kutoa taarifa mwaka 2014: wale waliowahi kujaa maji mapafuni namna ile, waliopanuliwa mishipa walikufa wachache kuliko walioendelea na dawa tu. Hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo ushahidi wake ni dhaifu kuliko wa CORAL. Lakini upo.

Mishipa ilikuwa ile ile, asilimia 75 na 60. Karatasi ilikuwa ile ile kwenye simu yangu. Kilichombadilisha Mama Mkubwa kutoka mtu wa kuachwa na dawa hadi mtu wa kupelekwa Dar kilikuwa usiku mmoja.

Au usiku mitatu, kama mtu angeuliza vizuri.

Au kama mtu angenyamaza.

## Nilimuuliza daktari

Tuliporudi kliniki nilimwomba dakika mbili peke yetu. Nikamweleza Ramadhani yote, kiti, dirisha, ng'onda. Kisha nikamuuliza lililonileta: ningesema ndiyo siku ile, ungefanya nini?

Nilitaka aseme haingebadili kitu. Hakusema.

"Ningempima moyo wiki ile ile," alisema. "Ningempa dawa ya maji. Kumpeleka Dar, pengine. Mara moja inaweza kuwa kitu kingine. Mara mbili, na mishipa yote miwili imebana, ningekuwa nimeshika simu."

Akanyamaza kidogo. "Na mimi swali nililielekeza kwako. Sikumtazama yeye."

Sikupata faraja, ila nilimheshimu. Alikuwa na njia rahisi ya kunituliza na hakuichukua.

## Dar

Tulipanda basi la asubuhi Kange, Mama Mkubwa dirishani. Segera alinunua machungwa, Chalinze akalala.

Kwenye benchi la kusubiri tulikaa na dada mmoja wa Muheza, miaka 27, presha juu tangu mimba yake ya kwanza. Wake haukuwa ugonjwa wa mafuta. Ukuta wa mshipa wenyewe uliota vibaya, na kwenye picha ateri ilionekana kama uzi wa shanga. Watu wa namna yake, wengi wakiwa wanawake, ndio ambao puto linawafaa kuliko wote, na mara nyingi bila stenti. Wapo vijana wengine ambao mshipa umebana kwa sababu umewaka uvimbe, na hao hutulizwa uvimbe kwanza kwa dawa. Nilitazama watu wanne kwenye benchi lile, nikafikiri kwamba kwenye kundi la ukoo wote wanne wangeitwa kwa neno moja.

Mtaalamu alituonya kabla. Atapitisha mrija kwenye nyonga, atapima shinikizo la damu kabla ya mbano na baada yake. Tofauti ikiwa chini ya 20, atatoka bila kuweka kitu, na tusije tukadhani ameshindwa. Nilipenda kwamba hata pale, mgonjwa amelala mezani, swali lilikuwa bado halijafungwa.

Kulia tofauti ilikuwa 46. Kushoto 24. Akaweka stenti mbili.

## Sasa

Ni wiki ya sita. Presha inacheza kwenye 138, dawa zimepungua moja. Kreatini imeshuka kidogo sana. Hajashtuka usiku hata mara moja, na analalia mto mmoja. Ningependa kuandika kwamba ni stenti, na mjomba kule Muscat ameshatangaza hivyo. Lakini siku ile ile alianzishiwa kidonge cha maji, na ng'onda umepigwa marufuku nyumba nzima, kwa hiyo nani amefanya kazi gani siwezi kukuapia. Usiku mwingine nawaza kama kidonge kile peke yake, kingetolewa baada ya Idd, kingetosha, na Mama Mkubwa asingekuwa na vyuma viwili tumboni leo. Usiku mwingine nawaza lile la pili, kwamba bila mjukuu kuwa macho tungekuwa tumeshamsomea hitima.

Jumanne tulikuwa kliniki. Daktari alifungua faili, akauliza, safari hii akimtazama yeye: "Bibi, unalalaje siku hizi?"

Nilishika mkoba wake mapajani mwangu nikabana meno.

Kimya kikawa kirefu. Mtu wa nje akagonga mlango, daktari akamwambia asubiri. Mama Mkubwa akarekebisha ushungi.

"Nalala, alhamdulillahi," akasema. "Ila kuna jambo moja, daktari mwanangu. Kile kidonge cha maji... siku za maulidi na siku za matanga sikimezi. Vyoo vya watu, unajua tena. Na mwezi huu matanga yalikuwa mengi."

Daktari akaweka kalamu chini.